Projekta inatoa picha bila rangi: anza na kanzu nyeupe

Deki inazunguka, sauti inatoka vizuri, picha imetua ukutani, ila haina rangi. Au rangi zipo lakini haziko sawa: nyasi za uwanja zimekuwa za maji ya bahari, nyuso za watu zimepauka kama wametoka kulazwa. Hapo watu wanne wanainuka kwa pamoja. Mmoja anachomoa waya, mwingine anabonyeza rimoti, wa tatu ameshaingia kwenye menyu, na baada ya dakika tano hakuna anayekumbuka mambo yalikuwaje mwanzo.

Kaeni kwanza. Hitilafu ya rangi hujitaja yenyewe kwa mtu anayejua kuitazama, na kitu cha kutazama ni kimoja: nyeupe. Simamisha filamu penye kanzu, shela la bibi harusi, karatasi au maandishi meupe. Kama nyeupe ni nyeupe na kila kitu kingine ni kijivu, rangi haifiki kabisa kwenye projekta, au inafika kwa mfumo isioujua. Kama nyeupe ni nyeupe lakini rangi nyingine zimepotoka, waya mmoja wa rangi umekatika au zimebadilishana. Na kama nyeupe yenyewe imegeuka, ikawa njano, pinki au kijani, basi uko kwenye waya wa VGA (ule wa kompyuta) au wa HDMI, au deki na projekta hazisemi lugha moja, au ugonjwa uko ndani ya projekta.

Kabla ya yote bandika karatasi ya A4 ukutani katikati ya mwanga. Usicheke. Ukuta uliopakwa rangi ya krimu au buluu hafifu huonekana mweupe mchana taa zikiwa zimewaka, na projekta huufichua. Karatasi ikiwa nyeupe na ukuta haupo hivyo, tafuta shuka jeupe na kazi imekwisha. Kisha fungua menyu ya projekta yenyewe. Menyu haitoki kwenye deki, projekta inaichora yenyewe. Menyu ikiwa na rangi zake safi, lenzi na vyote vilivyo nyuma yake ni vizima, na tatizo liko kwenye deki, waya, matundu au mipangilio. Menyu nayo ikiwa imeharibika rangi, acha nyaya, ruka uende mwisho wa makala hii.

Tuanze na hali inayowapata wengi: picha ya kijivu tupu kupitia ule waya wa njano.

Waya wa njano hubeba kila kitu kwa pamoja, mwanga na rangi, katika waya mmoja. Rangi hupanda juu ya mwanga kwa masafa yake maalumu: 4.43 MHz kwenye mfumo wa televisheni uitwao PAL, 3.58 MHz kwenye ule uitwao NTSC. Projekta ikisubiri rangi kwenye 4.43 na deki inaipeleka kwenye 3.58, mwanga unapita na rangi inatupwa. Ndiyo maana picha inakuwa kali, sauti haina neno, na hakuna hata tone la rangi. Kenya, Uganda, Tanzania bara na Zanzibar zote zilirusha televisheni ya analojia kwa PAL, kwa hiyo vifaa vingi vya kwetu vimezoea PAL. Lakini diski iliyotoka Marekani ni NTSC, na deki nyingine zimetoka kiwandani zikiwa zimewekwa NTSC.

Tiba iko kwenye rimoti ya deki. Tafuta kitufe kilichoandikwa P/N. Mara nyingi hufanya kazi filamu ikiwa imesimamishwa kabisa, si kuwekwa pause. Kila ukibonyeza inazunguka: PAL, NTSC, AUTO. Bonyeza, subiri sekunde tatu au nne projekta ijipange, angalia. Kama rimoti imepotea au si ya deki hiyo, ingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya mfumo wa TV. Upande wa projekta nako kuna mpangilio wa mfumo wa video, na kwa kawaida umewekwa Auto.

Hiyo Auto ndiyo huwachanganya hata mafundi. Deki iliyowekwa PAL ikicheza diski ya NTSC, nyingi hutoa mchanganyiko: mistari 525 na mara 60 kwa sekunde kama NTSC, lakini rangi ya PAL kwenye 4.43. Mchanganyiko huu huitwa PAL60. Televisheni nyingi huumeza bila kulalamika. Projekta ya ofisini, ambayo iliundwa kwa ajili ya kompyuta na video ikaongezwa kama kitoweo, inaona 60, inaamua hii ni NTSC, inatafuta rangi kwenye 3.58 na haipati kitu. Diski ya kwanza inaonyesha rangi, ya pili haionyeshi, deki ile ile, waya ule ule, na watu wanaanza kuilaumu diski. Weka deki kwenye NTSC kwa diski hiyo, au uilazimishe projekta kwenye PAL60 kama menyu yake inayo. Ukiacha deki kwenye AUTO, kila diski itatoka kwa mfumo wake halisi, na hapo projekta nyingi hutulia.

Mikanda ya VHS ina mkasa wake. Mkanda wa NTSC kwenye deki ya PAL tupu hutoa picha ya kijivu au hautulii kabisa. Wa SECAM, mfumo wa Kifaransa, kwenye deki ya PAL hutoa picha nzuri isiyo na rangi. Hakuna waya utakaoponya hilo. Inahitajika deki ya mifumo mingi. Na usipitishe deki ya DVD ndani ya deki ya VHS ndipo uende projekta: diski nyingi za kununua zina kinga ya kunakili, na deki ya mkanda ikikutana nayo hufanya picha ing'ae na kufifia kwa zamu huku rangi zikikatika. DVD iende projekta moja kwa moja.

Sasa kosa la pili kwa ukubwa, ambalo halina uhusiano na mfumo. Nyuma ya deki kuna tundu la njano na pembeni yake matundu matatu: kijani, buluu, nyekundu, yameandikwa Y, Pb, Pr. Tundu la kijani si "kijani". Ni mwanga peke yake, yaani picha nzima ya nyeusi na nyeupe, pamoja na mapigo yanayoishikilia isiyumbe. Mtu akichomeka waya kwenye kijani cha deki na kupeleka kwenye njano ya projekta, anapata picha ya kijivu iliyo safi ajabu, safi kuliko ya waya wa njano wa kawaida. Usafi huo ndio ushahidi. Akifanya kinyume, njano ya deki kwenye kijani cha projekta, na projekta ikaikubali, anapata kijivu chenye vidoti vidogo vinavyotambaa penye rangi kali, kwa sababu mawimbi ya rangi yanachorwa kama mwanga. Vidoti: njano imeingia kwenye Y, au mfumo haupatani. Safi bila vidoti: Y imeingia kwenye njano.

S-Video, lile tundu la duara lenye pini nne, lina nyaya mbili ndani: moja ya mwanga, moja ya rangi. Pini ya rangi ikipinda au kukatika, kijivu. Zile pini ni nyembamba kama sindano ya kushonea na watu husukuma kichwa bila kukielekeza. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona imelala, inyooshe polepole kwa ncha ya kalamu ya wino iliyokwisha, mara moja tu. Ukiirudisha na kuipinda tena itakatika.

Halafu kuna kijivu cha waya mrefu. Hiki ni ugonjwa wa vibanda vya kuonyesha mpira na kumbi za harusi, kwa sababu deki iko mezani kwa mtangazaji na projekta iko mita 15 au 20 mbali. Rangi iko kwenye masafa ya juu, na waya mbovu hula masafa ya juu kwanza. Mwanga unafika, rangi inafika imechoka. Ndani ya projekta kuna sehemu ndogo inayopima mawimbi mafupi ya rangi yanayotangulia kila mstari wa picha. Yakiwa dhaifu mno, inaizima rangi yote, maana kijivu kilichotulia ni afadhali kuliko picha iliyojaa madoa ya rangi yanayocheza. Kwa hiyo utaona rangi inakuja na kuondoka, au inakuja ukikunja waya sehemu fulani. Dawa ni waya wa ohm 75, RG59 au RG6, yaani waya ule ule wa dishi, ukifungwa vichwa vya RCA, vile vya waya wa njano. Nunua wenye shaba ndani. Peleka sumaku kwenye ule uzi wa katikati: ikinata, ni chuma kilichopakwa shaba. Waya wa spika uliosokotwa na kuchomewa vichwa haufai hata kwa mita tano, ingawa sauti ndani yake inapita bila shida. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Na kile kigawanyo cha shilingi chache, kichwa kimoja kinachotoa viwili ili picha iende projekta na kwenye televisheni ya jukwaani kwa wakati mmoja, nacho ni mwizi. Deki imetengenezwa iendeshe kifaa kimoja chenye ohm 75. Ukiweka viwili, volti 1 ya picha inashuka hadi takriban 0.67, na yale mawimbi ya rangi yanashuka kwa kiasi hicho hicho. Juu ya waya mrefu hilo ndilo pigo la mwisho. Chomoa televisheni. Rangi ikirudi ukutani, umempata mwizi. Kama ni lazima ziende zote mbili, tumia kigawanyo chenye umeme wake.

Tuje kwenye nyaya tatu, pale nyeupe inapobaki nyeupe lakini mengine yamevurugika. Mwanga unakuja kupitia kijani, kwa hiyo kijivu na nyeupe haviguswi. Waya wa buluu, Pb, ukikatika, buluu inakuwa giza karibu na nyeusi, njano inapauka mpaka inakaribia nyeupe yenye waridi kidogo, kijani cha majani kinaelekea kwenye maji ya bahari, nyekundu inabaki ila inaelekea kwenye waridi. Waya mwekundu, Pr, ukikatika, nyekundu inakuwa rangi ya zeituni iliyokolea, kijani kinakuwa cha limau, buluu haina tatizo, na nyuso zinapoteza damu yote. Kama anga ni la machungwa na nyuso ni za buluu, Pb na Pr zimebadilishana matundu. Waya wa kijani ukikatika huoni chochote, projekta inasema haina mawimbi.

Kosa la kawaida hapa ni nyekundu mbili. Nyuma ya deki kuna nyekundu ya sauti, karibu na nyeupe, na nyekundu ya picha, karibu na buluu. Zinafanana kabisa. Mtu akipeleka nyekundu ya sauti kwenye Pr, rangi nyekundu zinapotea, na spika ya kulia nayo inakaa kimya. Ukiona rangi mbaya na spika moja tu inalia, usipime kitu. Geuza deki na usome maandishi.

Kama nyaya zote ziko mahali pake, fanya hivi. Rangi za vichwa ni rangi tu, nyaya ndani ni sawa. Chomoa waya wa kijani na ule unaoushuku, pande zote mbili, ubadilishane: uliokuwa wa buluu sasa ubebe Y, wa kijani ubebe Pb. Picha ikipotea kabisa, waya huo ndio mbovu, maana sasa umepewa kubeba mwanga na umeshindwa. Picha ikibaki na kasoro ile ile ya buluu, waya ni mzima na tundu la deki au la projekta ndilo bovu. Dakika moja, bila kifaa chochote.

Mwenye multimita aiweke kwenye mlio: pini kwa pini ilie, gamba la nje kwa gamba lilie, pini kwa gamba isilie. Wakati unapima, tikisa waya pale shingoni unapoingia kwenye kichwa, kwani nyaya nyingi hufia hapo. Kichwa cha plastiki kilichomiminwa hakifunguki. Kata sentimita 5 nyuma yake na uchomee kipya. Kwenye miji ya pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Tundu lililokaa wazi miezi michache linaota kutu ya kijani. Loweka pamba kwenye spiriti, sugua ndani na nje, chomeka na kuzungusha kichwa mara kadhaa. Tundu la deki linalocheza mara nyingi limepasuka risasi kwenye miguu yake: ukifungua utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Chomea upya. Lakini chomoa deki kwenye umeme na uiache kwanza, kwa sababu kapasita kubwa ya upande wa umeme inaweza kushikilia volti 325 hivi, na haijali kwamba wewe ni fundi.

Kuna na mtego wa kitufe cha V-MODE, au P-SCAN, ambacho huwa karibu na P/N. Kidole kinateleza, deki inabadilisha aina ya picha inayotoa. Kwenye baadhi ya deki, ikienda P-SCAN, tundu la njano linanyamaza au linatoa takataka. Ikienda RGB (nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwenye waya wake) wakati nyaya tatu zimeunganishwa na projekta inayosubiri YPbPr, ukuta wote unakuwa pinki na zambarau. Bonyeza V-MODE polepole, ukisubiri kila mara, mpaka picha ikae.

Sasa nyeupe iliyogeuka. Kwenye VGA rangi tatu zinapita njia tatu zilizo sawa, na ukikosa moja nyeupe inageuka: ikikosekana buluu, nyeupe inakuwa njano, ikikosekana nyekundu, inakuwa ya maji ya bahari, ikikosekana kijani, inakuwa pinki kali. Geuza kichwa cha waya ukitazame usoni, upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu, kuanzia kushoto, ni pini 1 nyekundu, 2 kijani, 3 buluu. Moja ikiwa imezama au imelala, hiyo ndiyo rangi yako. Usihangaike na pini ya 9, ambayo ni ya safu ya kati: nyaya nyingine hutengenezwa bila hiyo na hazina ubovu.

Ukiunganisha deki kwenye tundu la VGA la projekta kwa ule waya wenye vichwa vitatu vya RCA upande mmoja, projekta lazima iambiwe. Isipoambiwa, inadhani imeletewa RGB, inachukua Y kama kijani, na picha nzima inakuwa ya kijani. Ingia kwenye menyu, tafuta aina ya mawimbi au "Color Space", toa RGB, weka YPbPr au Component. Si kila projekta inakubali, hivyo soma kitabu chake kabla hujanunua waya. Na waya wenye kichwa kimoja cha njano na VGA upande wa pili, usio na kiboksi wala umeme, hautakupa picha. Usiununue. Kinachofaa ni kiboksi cha kubadilisha AV (waya wa njano na zile za sauti) kwenda HDMI au VGA, chenye umeme wa volti 5. Angalia mwelekeo wake: AV2HDMI na HDMI2AV vinafanana kama mapacha na havifanyi kazi kinyumenyume. HDMI2AV huwa na swichi ndogo ya PAL na NTSC ubavuni, na ikiwa imekaa upande usiofaa, tunarudi kwenye kijivu tulichoanza nacho.

HDMI haipotezi rangi moja kama VGA. Waya wake ukiharibika, mara nyingi picha hujaa vimulimuli au hupotea yote. Lakini ina kasoro moja ya rangi isiyofanana na nyingine: giza linakuwa zambarau na mwanga unakuwa kijani. Deki inatuma YCbCr, ndugu wa YPbPr wa kidijitali, projekta inasoma RGB. Weka deki itume RGB, au rudisha "Color Space" ya projekta kwenye Auto, kisha zima zote mbili na uwashe projekta kwanza, deki baadaye, ili zitambuane upya.

Na kama menyu ya projekta nayo ilikuwa na rangi mbaya tangu mwanzo? Kwanza angalia aina ya picha iliyochaguliwa. Ile ya "Blackboard" hubadilisha rangi makusudi ili kufidia ubao wa kijani wa darasani, na kwenye ukuta mweupe inachafua kila kitu. Kama si hiyo, na projekta ni ya LCD, yaani inayopitisha mwanga kwenye paneli ndogo, tafuta doa: wingu la njano au la buluu lisilohama hata filamu ikibadilika. Hiyo ni filta au paneli iliyoungua kwa joto, na inayotangulia kufa mara nyingi ni ya njia ya buluu. Chanzo chake mara nyingi ni kichujio cha vumbi kilichoziba. Kwenye projekta nyingi za DLP, yaani za vioo vidogo, rangi hutengenezwa na gurudumu linalozunguka kwa kasi mbele ya taa: likianza kuchoka utasikia mlio kama wa nyigu, au rangi zitaanza kupepesa na kuyumba. Likisimama, projekta nyingi hujizima zenyewe. Usiliguse gurudumu hilo kwa vidole, ni kioo chembamba, na alama ya kidole itaungua juu yake taa ikiwaka.

Kwa majaribio, weka kwenye flashi picha moja ya JPEG yenye mistari minne mipana: nyekundu, kijani, buluu, nyeupe. Deki nyingi zenye tundu la USB huifungua. Ni rahisi kuisoma kuliko kusubiri bibi harusi apite tena mbele ya kamera.